Safari ya trauti si anasa, ni mtaji wa ujirani

Ijumaa moja mwaka jana, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa Namanga nikisubiri kuondoka na kikundi cha wafanyabiashara 14. Saba wa upande wa Tanzania, saba wa upande wa Kenya. Ni watu wanaofahamiana kwa miaka. Huyu huleta vitunguu kutoka Mang'ola, yule huvipokea. Huyu hushusha viazi na karoti kutoka Karatina, yule huvipeleka Arusha. Walikuwa wamechanga kwa miezi minane ili waende pamoja kwenye miteremko ya Mlima Kenya, walale siku mbili, na wajifunze kuvua samaki wa mito ya baridi anayeitwa trauti. Mimi nilialikwa kama mwandishi, na nilichanga kama wengine.

Hatukufika hata Kajiado.

Kwanza, Watanzania wanne hawakuwa na hati za kusafiria. Siku zote wao huuza na kununua pale pale mpakani, wanajulikana kwa sura, na hawakuwahi kufikiri kwamba kwenda kilomita mia tatu ndani ni jambo jingine. Pili, gari tulilokodi upande wa Tanzania lilikuwa na bima inayoishia mpakani. Tatu, wakati tukiendelea kuhangaika, mmoja wetu alipiga simu kuhakikisha nyumba ya kulala. Mwenye nyumba akajibu kwamba kikundi hicho hakijui. Fedha alizotumiwa dalali kwa simu hazikumfikia.

Saa nne asubuhi kila mtu alikuwa amebeba mfuko wake akirudi nyumbani. Wakenya walisema Watanzania wamewaangusha kwa kukosa hati. Watanzania walisema Mkenya aliyemleta dalali ndiye aliyewaponza. Ubaya ulikuja baadaye. Kwa muda wa miezi miwili, mzigo uliokuwa ukitolewa kwa neno la mdomo, "chukua, utanipa Jumanne," ukaanza kudaiwa fedha mkononi. Mama mmoja anayeuza vitunguu aliniambia alipunguza mzigo wake kwa nusu kwa sababu mtaji wake wote ulikuwa ni kuaminiwa na watu watatu wa upande wa pili.

Naandika leo kwa sababu kikundi hicho kimeamua kujaribu tena mwishoni mwa Januari, na baadhi ya wanachama wanapinga. Wanasema safari ile ilikuwa anasa ya wazungu na funzo limepatikana. Mimi nasema funzo halijapatikana bado. Kilichovunjika hapo Namanga ni mpango. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na ningependa vikundi vingine, kuanzia Holili na Taveta hadi Busia na Sirari, viliige.

Nianze na samaki mwenyewe, maana wengi wetu tumezoea sato, sangara na dagaa, na hatumjui. Trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mayai ya kwanza yaliletwa Kenya mwaka 1905 kutoka Uskochi na mlowezi Ewart Grogan, yakapandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua ambayo ramani bado huiita Aberdare. Hao walikuwa trauti wa kahawia wa Ulaya. Baadaye waliletwa trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1948 kituo cha kuzalisha vifaranga kilianzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Kutoka huko samaki hawa wameenea katika mito mingi inayotoka Mlima Kenya na Nyandarua: Sagana, Thego, Naro Moru, Burguret, Chania, Mathioya. Walipandikizwa pia katika mito ya Mlima Elgon, na kwetu Tanzania katika baadhi ya mito ya milimani, ikiwemo ya Nyanda za Juu Kusini.

Kwa miongo kadhaa huu ulikuwa mchezo wa walowezi. Mwafrika alikwenda mtoni kubeba kapu la bwana. Muuza viazi wa Karatina aliyetoa wazo la safari hii amekulia karibu na mto Gura. Anasema tangu utotoni aliwaona wageni wakisimama ndani ya maji wakirusha kamba, na hakuna siku aliyodhani kwamba yeye pia anaweza kukata leseni na kusimama pale. Ana miaka hamsini na kitu. Mto unapita nyuma ya shamba la baba yake.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba kuvua trauti ni mambo ya wazungu, namjibu kwamba ndivyo walivyotaka tuamini. Mto ni wetu, leseni inauzwa kwa yeyote, na hifadhi za taifa za nchi zetu zina kiwango cha raia wa Afrika Mashariki kilicho chini sana ya kile anacholipa mgeni kutoka mbali. Punguzo hilo ni moja ya matunda machache ya Jumuiya ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyashika mkononi, na wafanyabiashara wa mpakani ndio wanaoyatumia kidogo kuliko wote. Tunavuka mpaka mara tatu kwa wiki lakini hatuingii ndani. Namjua dereva wa Arusha aliyekwenda Nairobi kwa miaka kumi na mbili bila kuona zaidi ya soko na maegesho ya malori.

Uvuvi wenyewe ni wa namna yake. Hautumii wavu wala minyoo. Chambo ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya, nyuzi na unyoya wa ndege mpaka ifanane na nzi au mdudu wa majini, ndiyo maana huitwa kuvua kwa nzi. Kwa kuwa chambo hicho hakina uzito, mshipi ndio mzito, na uzito wa mshipi ndio unaokipeleka juu ya maji. Mvuvi husimama upande wa chini wa mto, kwa sababu trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka akisubiri chakula kiletwe. Akiona kivuli chako au akisikia mtikisiko wa mguu, amekwenda. Watu 14 waliozoea kupigia kelele makuli hawawezi kuvua trauti kwa pamoja mahali pamoja. Lazima wagawanyike na wanyamaze.

Na hapa kuna jambo la biashara. Nzi hao wa bandia wanafungwa Kenya, kwa mikono, na Kenya ni moja ya nchi zinazojulikana duniani kwa kazi hiyo. Wanasafirishwa kwenda Ulaya na Marekani. Mvuvi wa Uingereza anaweza kuwa ananasa samaki wake kwa chambo kilichofungwa na dada yetu wa Nairobi. Bidhaa nyepesi kuliko punje ya mahindi imevuka bahari, lakini niliwauliza wafanyabiashara kumi wa Namanga na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisikia. Tunajua bei ya gunia la vitunguu katika masoko manne. Tunachozalisha nje ya magunia hatukijui.

Sasa nije kwenye mpango. Haya ndiyo niliyokiambia kikundi, na nayaweka hapa kwa faida ya kila kikoba na kila chama kinachofikiria safari ya namna hii.

Jambo la kwanza ni tarehe, na tarehe haichaguliwi na likizo bali na mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huigeuza mito kuwa ya matope. Trauti huwinda kwa macho. Maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa, haoni chambo, nawe utarudi na mafua. Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, maji hupungua na kuwa safi. Weka juu yake kalenda ya soko: msimu wa kupakia vitunguu kwa wingi, sikukuu, kufunguliwa kwa shule. Kikundi chetu cha mwaka jana kilichagua wikendi ya Novemba kwa sababu tu ndipo michango ilipotimia. Hata tungefika, tungekuta mto umejaa.

La pili ni hati, na hapa sitaki mtu adanganyike na maneno ya jukwaani kuhusu Afrika Mashariki isiyo na mipaka. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakisafiri baina ya nchi zao kwa vitambulisho vya taifa tangu mwaka 2014. Mtanzania bado anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, na Mkenya anayekuja Tanzania vivyo hivyo hatakiwi kutegemea kitambulisho peke yake. Viza haihitajiki, na raia wa Jumuiya hupewa kibali cha matembezi bila malipo, lakini ni lazima uwe na kitu cha kugongewa muhuri. Katibu wa kikundi aandike orodha ya majina, aina ya hati na tarehe ya kuisha, na orodha hiyo ifungwe mwezi mmoja kabla ya safari. Asiyeonyesha hati siku hiyo nafasi yake inatolewa kwa mwingine, hata kama ni mwenyekiti.

Kuna pia kadi mbili za njano ambazo watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo ni ya mtu. Nyingine ni ya bima ya COMESA, ambayo ni ya gari, na Tanzania inashiriki mpango huo ingawa si mwanachama wa COMESA. Mwaka jana dereva wetu alipoulizwa kadi ya njano alitoa ya chanjo kwa kujiamini kabisa. Tulicheka, lakini gari halikupita.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu wa tatu ni mwepesi: usivushe gari. Vukeni kwa miguu kupitia kituo cha pamoja kilichozinduliwa mwaka 2018, ambapo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja, kisha pandeni gari lililokodiwa upande wa pili, lenye leseni na bima ya huko. Kutoka Namanga hadi Nairobi ni kama kilomita 165, na kutoka Nairobi hadi Naro Moru ni karibu kiasi hicho hicho. Mkiondoka alfajiri na kulikwepa jiji kabla ya foleni, mtakula mchana mkiutazama mlima.

La nne ni fedha. Hapa wafanyabiashara hawahitaji mhadhara wangu, lakini nashangaa jinsi watu wanaohesabu kila debe sokoni wanavyolegea wakienda matembezi. Mtu asiyekubali gunia bila kulipima alituma nusu ya michango kwa dalali aliyemwona kwenye picha ya simu tu. Kanuni ziwe zile zile za mzigo. Fedha zikae kwenye akaunti yenye watia saini wawili, mmoja kila upande wa mpaka. Malipo yaende kwa mwenye nyumba mwenyewe kwa awamu, na stakabadhi isomwe mbele ya kikundi. Hesabu zote ziandikwe kwa sarafu moja, kiwango cha kubadilisha kikubaliwe siku ya mchango wa kwanza, na tofauti ikitokea ibebwe na wote. Sehemu moja ya kumi ibaki akiba ya dharura. Na iandikwe mapema: anayejitoa baada ya awali kulipwa harudishiwi, isipokuwa amepata wa kuchukua nafasi yake. Sheria hiyo ikitungwa kabla ya ugomvi ni sheria. Ikitungwa katikati ya ugomvi ni tusi.

La tano ni vibali, na viko vya aina mbili. Kuna leseni ya uvuvi wa burudani inayotoka kwa mamlaka za uvuvi, na kuna kiingilio cha hifadhi kama sehemu unayovulia iko ndani ya mipaka ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Kimoja hakifuti kingine. Viingilio vya hifadhi hulipwa kwa mtandao wa serikali, si kwa noti getini. Mtanzania mwenye noti za elfu kumi mfukoni na laini ya simu ya nyumbani hatafika mbali, kwa hiyo Mkenya mmoja katika kikundi alipie wote siku moja kabla, na achukue namba za hati za kila mmoja. Ukikata leseni uliza pia ukubwa na idadi ya samaki wanaoruhusiwa kuchukuliwa katika mto huo.

La sita ni vifaa. Hakuna sababu ya watu 14 kununua fimbo 14 za kuvulia. Fimbo nne za kukodi zinatosha, pamoja na mwongozaji mwenyeji anayejua vidimbwi vya mto wake. Gawanyeni kikundi mara tatu: wanne mtoni, watano jikoni na kuota moto, watano kwenye matembezi, kisha mbadilishane. Hakikisheni kila kundi lina watu wa pande zote mbili. Njooni na masweta na mabuti ya mpira. Trauti anaishi kwenye mita 1,800 kwenda juu, na mtu wa Namanga hajui baridi ya saa kumi na moja alfajiri huko. Ndani ya msitu kuna nyati na tembo, kwa hiyo askari wa wanyamapori si pambo la safari. Anayesema "twende tu" bila yeye aachwe kambini.

Kuna wanaoniuliza swali moja kwa hasira: kwa nini nilipe fedha nivue samaki, kisha niambiwe nimrudishe majini? Swali ni halali, hasa kwa mtu anayelisha watoto kwa samaki. Si kila samaki hurudishwa. Kwa kadiri leseni inavyoruhusu utamla, na mezani mtagombana kama akaangwe na tangawizi na ndimu au achomwe tu kwa chumvi. Lakini wadogo hurudishwa, kwa ndoana isiyo na kijino cha nyuma, kwa mikono iliyoloweshwa kwanza ili ute wake usitoke, kwa sababu mto wa mlimani ni mwembamba na baridi, na samaki wake hukua polepole. Kikundi kimoja kikichukua kila kitu, kinachofuata hakikuti kitu. Muuza dagaa yeyote wa Ziwa Victoria aliyeshuhudia ziwa likifungwa ili samaki wapumzike anaielewa hesabu hiyo kuliko mtalii.

Na hapa ndipo safari hii inapoacha kuwa mchezo. Trauti hataki maji ya aina yoyote ile. Anataka maji baridi, yenye hewa nyingi, yasiyo na tope. Joto la maji likipita nyuzi 20 hivi anaanza kuhangaika. Kwa hiyo mahali alipo, mto ni mzima, na anapotoweka, jambo limetokea huko juu: miti imekatwa, kingo zimelimwa, au mabomba yameingizwa. Mito inayoshuka upande wa magharibi wa Mlima Kenya, kama Naro Moru na Burguret, hupungua sana wakati wa kiangazi kwa sababu maji huvutwa kumwagilia mashamba kabla ya kufika kwa wafugaji walio chini. Wakulima na wafugaji wamegombania maji hayo kwa miaka, na ndiyo maana kumeundwa vyama vya watumiaji maji vinavyogawana zamu.

Hayo yanatuhusu vipi sisi wa mpakani? Viazi, karoti na kabichi tunazozipakia zinanyweshwa na mito hiyo hiyo. Mfanyabiashara anayelalamika kwamba mzigo umepanda bei mwezi Februari akasimame ndani ya mto Februari aone maji yamefika wapi kwenye mguu wake. Atajifunza mengi kuliko kwenye semina ya siku tatu hotelini. Akirudi atajua ni lini anunue mapema, na ni mkulima yupi anayechota maji kwa zamu na yupi anayeiba usiku. Sisemi kila safari igeuzwe kuwa darasa. Nasema saa moja katika siku mbili, kikundi kikamtembelee mkulima na kiongozi wa chama cha maji, haitamharibia mtu usingizi. Karatina iko njiani, na soko lake ni kubwa na la kale. Asiyetaka samaki atakwenda huko.

Nikiwa naandika habari za Jumuiya kutoka Arusha, kazi yangu ni kukaa kwenye mikutano. Nimesikia takwimu za biashara baina ya nchi zetu zikisomwa kwa sauti nzuri. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na inazungumzia uhuru wa watu kabla ya uhuru wa mitaji. Lakini tazama tulivyoitekeleza. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 ana cheti cha uasili kilichorahisishwa, anachojaziwa mpakani na kupita. Ni utaratibu mzuri, na wengi wenu mnautumia. Mtu huyo huyo akija bila mzigo, amevaa sweta na kubeba fimbo ya kuvulia, hana utaratibu wake. Vitunguu vina njia nyepesi kuliko mwenye vitunguu.

Itifaki yenyewe inaruhusu nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya kielektroniki kama hati za kusafiria zifanye hivyo. Tanzania haijaamua kujiunga, na ina hoja zake, zikiwemo za usalama na za watu ambao hawajapata vitambulisho. Sizidharau. Lakini zipo hatua ndogo zisizohitaji kikao cha marais. Ofisi za uhamiaji mpakani zingeweza kutenga siku ya vikundi vilivyosajiliwa, vikachukua hati za dharura kwa pamoja. Mamlaka za hifadhi zingeweza kupokea malipo ya simu kutoka nchi zote za Jumuiya kwa kiwango cha raia, badala ya kumwachia Mtanzania amtafute Mkenya wa kumlipia. Na katika kila kituo cha pamoja, karibu na bango la viwango vya ushuru, liwekwe bango la viingilio vya hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki, kwa Kiswahili, lugha ambayo wakuu wa nchi waliipitisha mwaka 2021 kuwa lugha rasmi ya Jumuiya.

Wapo watakaosema wafanyabiashara wana shida kubwa kuliko kukosa matembezi: mizani barabarani, vizuizi vya ghafla vya mahindi, maofisa wanaotaka "chai". Ni kweli, na nimeandika juu ya kila moja. Lakini kumbukeni kilichotokea kizuizi cha nafaka kilipotangazwa upande mmoja na malori yakakaa foleni. Waliookoka hawakuokolewa na itifaki. Waliokolewa na mtu wa upande wa pili aliyepokea simu usiku, akatafuta ghala, akalipia kwa fedha yake na kusubiri. Mtu wa namna hiyo hapatikani siku ya shida. Anaandaliwa siku za raha, mkila pamoja na kucheka mmoja wenu alivyotumbukia mtoni na mabuti yake. Ndiyo maana naita safari hii mtaji. Mwaka jana ilipovunjika tuliona hasara yake kwa mahesabu ya vitunguu. Ikifanikiwa, faida nayo itaonekana kwenye mahesabu hayo hayo.

Wiki iliyopita nilikwenda Namanga kwenye kikao cha kikundi. Wanachama wawili wamejitoa, na nafasi zao zimechukuliwa na wengine. Nyumba ya kulala imelipiwa awamu ya kwanza, kwa jina la mwenye nyumba, na stakabadhi ilipitishwa mkono kwa mkono mpaka ikachafuka. Yule aliyemleta dalali mwaka jana amerudisha sehemu ya fedha kutoka mfukoni mwake bila kulazimishwa, na kikao kilikaa kimya kidogo kabla ya mtu kusema asante.

Mama wa vitunguu alikuwa wa mwisho kuonyesha hati yake. Alikuwa ameifunga kwenye kitenge, ndani ya mfuko wa nailoni, kama mtu anayebeba mauzo ya siku. Akaniuliza kama huko mtoni kuna mahali pa kukaa, kwa sababu magoti yake hayamruhusu kusimama ndani ya maji baridi. Yule mwenzake wa Karatina akamjibu kabla yangu: lipo jiwe kubwa kando ya kidimbwi, yeye mwenyewe alikuwa akilikalia utotoni akiwatazama wageni wakivua. Safari hii watakaa wawili, na fimbo watashika kwa zamu.